Gemu za magari: rangi ni ya kweli, tairi je?

Kila gemu mpya ya mbio za magari inapotoka, jambo la kwanza kusikika ni "umeona vile gari linang'aa?" Watu wanasimamisha mchezo katikati ya kona, wanazungusha kamera, wanatazama mishono ya viti na maandishi kwenye tairi, kisha wanatoa hukumu: hili ni kama la kweli kabisa. Mimi ni mwandika programu, si dereva wa mbio, na leo nataka kubishana na hukumu hiyo kwa sababu imetegemea ushahidi ulio rahisi kughushi kuliko wote.

Umbo la gari ni tatizo la subira na pesa. Ukiwa na picha za kutosha, vipimo kutoka kiwandani na wachoraji wa kutosha, utalipata. Gran Turismo ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1997 kwa PlayStation, ikiwa na magari kama 140. Kazunori Yamauchi, aliyeongoza kazi hiyo, amesimulia kwamba siku zile mchoraji mmoja angeweza kumaliza gari moja kwa siku. Ilipofika Gran Turismo 5 ya mwaka 2010, gari moja lilikuwa likichukua miezi sita. Ndiyo sababu gemu hiyo ilijisifu kuwa na magari zaidi ya 1,000, ilhali mengi kati yao, kama 800 hivi, yalibebwa kutoka gemu za zamani. Ukiyaegesha kando ya yale mapya ulijua mara moja lipi ni lipi. Wachezaji walilalamika sana. Lakini yale ya sura mbaya na yale ya sura nzuri yote yaliendeshwa na programu ileile ya fizikia! Barabarani lile la sura mbaya lilikuwa na haki sawa ya kuitwa gari. Hilo sikusikia wengi wakilizungumzia, maana halionekani kwenye picha.

Basi tuzungumze kuhusu lile lisiloonekana.

Gari la michezo lina uzito wa tani moja na nusu hivi, injini ya nguvu farasi mia kadhaa, na kila linachofanya linakifanya kupitia vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Kuongeza kasi, kufunga breki, kukata kona, yote yanapita hapo. Ukikosea kwenye tairi, huna gari tena, una picha ya gari inayoteleza juu ya meza.

Na tairi ni kitu kigumu sana kukiandikia programu. Mpira unanyumbuka, unapata joto, unalainika, unalika. Kuuiga kipande kwa kipande huku mchezo ukiendelea ni kazi ambayo mashine ya nyumbani haiwezi. Kwa hiyo waandishi wengi wametumia njia ya mkato inayohusishwa na Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, iliyoanza kujulikana miaka ya 1980. Wahandisi wenyewe wanaiita fomula ya kimazingaombwe, na jina linafaa, kwa sababu haikutokana na sheria yoyote ya fizikia. Walichukua tairi halisi, wakaiweka kwenye mashine ya kupimia, wakachora grafu ya matokeo, halafu wakatafuta mlinganyo wa sine na arctangent ambao ukipewa namba chache unafuata mchoro ule. Hauelezi kwa nini tairi inashika. Unasema tu inashika kiasi gani.

Grafu yenyewe ni rahisi kuielewa. Unapokata kona, tairi inaelekea pembeni kidogo kuliko njia ambayo gari linapita, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa nguvu ya kuligeuza gari. Pembe ikiongezeka, nguvu inaongezeka, mpaka kwenye digrii chache tu ambapo inafika kilele. Ukizidisha hapo, mshiko unaanza kupungua. Dereva wa mbio anaishi kwenye kile kilele, kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Sisi wengine tunaishi chini kabisa mwanzoni mwa mchoro, na siku tunapofika kileleni huwa hatukukusudia.

Kabla ya kilele vipimo ni vingi na vizuri. Baada ya kilele vinakuwa haba, kwa sababu tairi inayoserereka kwenye mashine ya kupimia inachemka na kulika haraka, na namba unazopata dakika hii si zile utakazopata dakika ijayo. Kwa hiyo mteremko ule wa upande wa pili, mara nyingi mwandishi wa gemu anaukisia. Akiufanya mkali, gari likianza kuteleza limeenda. Akiufanya mlegevu, unaweza kuserereka kona nzima kama sinema na kurudi kwenye njia ukitabasamu. Grand Prix Legends ya mwaka 1998, iliyoiga msimu wa Formula One wa 1967, ilijulikana kwa ukali wake, na wako waliokata tamaa kabla ya kumaliza mzunguko mmoja. Wapo waliodai ukali huo ndio ukweli wenyewe. Sina hakika na hoja hiyo. Kitu kuwa kigumu hakukifanyi kuwa sahihi. Nimeandika programu nyingi ngumu kutumia na hakuna aliyezisifu kwa uhalisia.

Kuna jambo moja ambalo gemu nzuri zinalipata vizuri mno, na ndilo linalonifanya niheshimu kazi hii. Ukiwa na usukani wenye mota ndani, unahisi tairi ikitaka kujinyoosha. Kwenye gari halisi nguvu hiyo huanza kupungua kabla mshiko haujafika kilele, yaani usukani unakuwa mwepesi mkononi kidogo kabla tairi haijaachia. Ni onyo. Gemu zenye fizikia nzuri hazihitaji kuandika "hapa lainisha usukani". Onyo linajitokeza lenyewe kutoka kwenye hesabu ya tairi. Kwa mwandika programu hakuna raha kuliko hiyo, kitu ambacho hukukiandika kujitokeza kwa sababu ulichoandika kilikuwa sahihi.

Sasa suala la muda. Skrini inachorwa mara 60 kwa sekunde. Gari likienda kilomita 200 kwa saa linasafiri karibu mita 55 kila sekunde, yaani kati ya picha moja na nyingine limeruka zaidi ya sentimita 90. Ukipiga hesabu ya fizikia kwa mwendo huo wa skrini, gari linaweza kuvuka tuta dogo la ukingo wa barabara bila programu kujua kwamba tuta lilikuwepo. Ndiyo maana Forza Motorsport 2 ya mwaka 2007 ilikuwa ikipiga hesabu zake mara 360 kwa sekunde, na Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos, mwaka 2014, mara 333. Kwa mara 360 hatua inakuwa sentimita 15 hivi. Springi na shokomzoba zinaanza kuwa na maana. Haya hayaandikwi juu ya boksi kwa sababu hayauzi, lakini nikiambiwa nichague kati ya gemu yenye mishono ya viti na gemu yenye hatua ndogo za hesabu, sihitaji kufikiri.

Halafu kuna namba zenyewe zinazoingizwa. Zinatoka wapi? Mfano mzuri ni magari ya Japani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2004, watengenezaji wa huko walikuwa na makubaliano kati yao kwamba hakuna gari la kuuzwa nyumbani litakalotangazwa kuwa na nguvu farasi zaidi ya 280 za kipimo chao. Basi kwa miaka mingi Skyline GT-R, Supra na wenzao wote, kwa bahati ya ajabu, walikuwa na 280 kwenye karatasi. Mafundi waliozipima injini hizo walikuta mengine. Kwa hiyo mwandishi wa gemu anayenakili karatasi ya kiwanda kwa uaminifu wote ananakili adabu ya Wajapani. Gari linabaki nje.

Leseni nazo zina mambo yake. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2016, kampuni ya EA ilishikilia haki ya magari ya Porsche kwenye gemu, kwa hiyo Gran Turismo ikaweka RUF, kampuni ya Ujerumani inayojenga magari yake kwa msingi wa Porsche. Kizazi kizima kimekua kikijua RUF kwa sababu za mawakili. Na ni hadi Gran Turismo 5 ndipo mfululizo ule uliruhusu gari kubonyea likigongwa. Sababu iliyotajwa mara nyingi ni kwamba wenye magari hawakupenda kuyaona yamepondeka. Fikiria hilo kidogo: gari lililoigwa hadi mshono wa kiti, ukiligonga ukutani kwa kilomita 200, linarudi nyuma kama mpira na kuendelea na safari.

Wako waliojaribu kupima gemu dhidi ya ukweli. Mwaka 2005 Jeremy Clarkson wa Top Gear alichukua Honda NSX, akaiendesha Laguna Seca kule California kwenye Gran Turismo 4 kwa dakika 1 na sekunde 41. Halafu akaenda California na NSX ya chuma. Alipata dakika 1 na sekunde 57. Njia ilikuwa ileile, kona zilezile, na gari lilelile. Tofauti ile ya sekunde 16 watu waliichukulia kama kasoro ya gemu. Mimi nadhani sehemu kubwa yake ilikuwa Clarkson mwenyewe. Sebuleni unafunga breki ukiwa umechelewa, unatoka nje ya njia, unabonyeza kitufe na kuanza upya. Kila jaribio ni bure. Ukiwa ndani ya gari, mwili unajua bei, na mguu unaondoka kwenye mafuta kabla hujauamuru.

Ushahidi wa upande mwingine nao una uzito. Kuanzia 2008 Nissan na PlayStation waliendesha GT Academy, wakitafuta madereva miongoni mwa wachezaji wa Gran Turismo. Mhispania Lucas Ordóñez, mshindi wa kwanza, alimaliza wa pili katika daraja la LMP2 kwenye mbio za Le Mans za 2011. Jann Mardenborough, Mwingereza aliyeshinda 2011, alipanda jukwaa la daraja hilohilo mwaka 2013. Hao hawakuwa bahati nasibu. Gemu ilikuwa imewafundisha njia ya kona, mahali pa kufunga breki, subira ya kungoja kabla ya kukanyaga mafuta. Uhusiano ulikuwa umefika mbali kiasi kwamba Nissan GT-R ya 2007, ile skrini yake ya ndani inayoonyesha joto la mafuta na nguvu za kona ilibuniwa na Polyphony Digital, watu walewale wa Gran Turismo. Gari lilianza kuiga gemu.

Tarehe 28 Machi 2015 Mardenborough alikuwa Nürburgring, akiendesha Nissan GT-R ya mbio. Kuna mahali panaitwa Flugplatz, maana yake uwanja wa ndege, ambapo barabara inapanda na kukatika ghafla. Gari lilipovuka mgongo ule pua iliinuka, hewa ikaingia chini, likasimama wima na kuruka juu ya uzio. Mtazamaji mmoja alifariki. Filamu ya Gran Turismo ya mwaka 2023 inaionyesha ajali hiyo kana kwamba ilitokea kabla ya jukwaa la Le Mans, jambo ambalo si kweli na ambalo binafsi liliniudhi, kwa kuwa kifo cha mtu kiligeuzwa ngazi ya hadithi.

Ninaitaja ajali hii kwa sababu inarudi kwenye grafu ya tairi. Mgongo wa Flugplatz unaigwa kwenye gemu nyingi, na maelfu ya watu wamepita juu yake na gari lilelile wakiwa wamekaa kitandani. Hewa inayolikandamiza gari huhesabiwa kutokana na vipimo: kasi fulani, urefu fulani kutoka ardhini, pua imeinama kiasi fulani. Ndani ya mipaka hiyo hesabu ni nzuri. Pua ikiinuka kupita kiwango kilichopimwa, programu haiachi kujibu. Inaendelea kutoa namba, kwa sauti ileile ya uhakika, ila sasa inabuni. Wewe mchezaji huoni tofauti yoyote.

Huo ndio ugomvi wangu na neno "uhalisia". Gemu hizi ni sahihi sana pale ambapo kila kitu kiko sawa, tairi mpya, lami safi, gari limetulia. Ajali zinaishi nje ya hapo. Baada ya ajali ile wenye Nürburgring waliweka mipaka ya kasi, na kabla ya msimu wa 2016 wakasawazisha sehemu za barabara, Flugplatz ikiwemo. Gemu yoyote iliyoipima barabara kwa leza kabla ya hapo imehifadhi mgongo ambao haupo tena.

Hapa kwetu tunaweza kupima jambo hili wenyewe, kwa sababu Safari Rally imekuwa kwenye gemu kwa muda mrefu. Kenya ilikuwemo katika Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000, na McRae mwenyewe alishinda Safari mara tatu, 1997, 1999 na 2002. WRC 9 ya mwaka 2020 ilituletea Safari ya Naivasha kabla ya mbio zenyewe kurudi, maana za 2020 zilifutwa kwa korona na magari ya dunia yakarudi Juni 2021. Mandhari ni mazuri, vumbi lipo, miti ya migunga ipo. Lakini anayeijua Kedong anajua kwamba taabu yake ni ule unga wa volkano unaofunika mawe. Gari la kwanza likipita linauchimba, la pili linakuta mtaro, la kumi linakuta jiwe ambalo la kwanza halikuliona. Barabara inabadilika kila dakika na mvua ikija inakuwa kitu kingine kabisa. Kwenye gemu nyingi barabara ni ileile kwa kila anayepita. Safari ya zamani ndiyo ngumu zaidi kuiga, ile iliyokimbizwa kwenye barabara za umma huku helikopta ikitangulia juu kuangalia ng'ombe. Sijui nani angeandika programu ya mbuzi wa Kajiado anayeamua kurudi alikotoka.

Mfano wa karibu zaidi hauhitaji mbio. Gran Turismo 7 ya mwaka 2022 inakuanzisha kwa kukuchagulisha gari la mtumba: Toyota Aqua, Honda Fit ya haibridi au Mazda Demio. Nilicheka nilipoona. Hizo ndizo teksi zetu! Mkenya hawezi kuhukumu Ferrari, lakini Demio anaijua kwa mgongo wake. Na Demio ya gemu ni Demio ya siku ilipotoka kiwandani. Haina bushi zilizokufa, haina tairi kipara mbele na tairi za makabila mawili nyuma, haina breki zinazovuta kushoto. Ukiipeleka kwenye kona kwa kilomita 90 inapita. Kijana aliyejifunza kona hapo, akikabidhiwa ile ya mjomba wake usiku wa mvua pale Thika Road, ana ujuzi wa kweli kuhusu gari ambalo hana. Barabara zetu zinaua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa hesabu za NTSA za miaka ya karibuni. Sisemi gemu ndizo zinazowaua, na atakayesema hivyo nitambishia. Ninachosema ni kwamba gemu inayotangaza "uhalisia" bila kusema unaishia wapi inampa mtu huyo imani ambayo vipimo vyake havikuilipia.

Nikiulizwa nataka nini, nataka taa moja ndogo kwenye pembe ya skrini. Programu inayosoma nguvu ya tairi au ya hewa kutoka kwenye jedwali inajua kabisa inapovuka mwisho wa jedwali. Ni sharti la mstari mmoja kwenye msimbo. Taa ikiwaka, ujue kuanzia hapo tunakisia. Wenye leseni hawatapenda, kama ambavyo hawakupenda kubonyea, maana taa ingewaka hasa pale ambapo gari lao linaonekana vibaya. Labda itafanywa na watu wasiomwomba mtu leseni. Live for Speed iliandikwa na watu watatu, magari yake mengi ni ya kubuni, hakuna kiwanda cha kukasirika, na fizikia yake iliheshimiwa tangu ilipotoka mwaka 2003. Wangeweza kuiweka taa hiyo kwa mchana mmoja.